Jumong alikuwepo kweli, au ni wa kwenye tamthilia tu?

Dada yangu, swali lako nimelisoma nikacheka mwenyewe. Kwa wengine ambao hawajaliona, dada kauliza hivi: "Kaka, nimemaliza kuangalia Jumong kwa mara ya tatu, mume wangu ananiambia napoteza muda na mtu wa kutungwa, tumebishana mpaka chai imepoa. Kwani alikuwepo kweli? Na lile yai nimelisikia wapi mbona kwenye tamthilia halipo? Na Soseono mke wake je? Na kaburi la Jumong lipo?"

Jibu la haraka kabla hujaenda kumtambia shemeji ni kwamba mfalme wa kwanza wa Goguryeo, ule ufalme wa kale wa upande wa Korea na kaskazini mashariki ya China, alikuwepo, hilo sina shida nalo, ufalme wa miaka mia saba haujianzishi wenyewe. Ila hii stori tunayoijua kama stori ya Jumong, yaani mama mfungwa, mtoto wa ajabu, kulinda farasi, kukimbia, kuvuka mto juu ya migongo ya kobe, kwa asilimia kubwa ilikuwa ya mtu mwingine kabla haijawa yake. Kwa hiyo wewe na shemeji mmegawana, chai ipashwe.

Sasa tuanze na kitu ambacho unaweza kwenda kukigusa. Kuna mji unaitwa Ji'an, uko mkoa wa Jilin huko China, mpakani kabisa, ukivuka mto Yalu uko Korea Kaskazini. Pale pamesimama jiwe moja refu, mita sita na ushee, pande zote nne limechongwa maandishi ya Kichina, herufi kama 1,775 hivi, mengine yameshalika na mvua na baridi. Lilisimamishwa mwaka 414 na mfalme Jangsu kumkumbuka baba yake Gwanggaeto, yule aliyepiga vita kila upande. Lakini jiwe halianzi na Gwanggaeto. Linaanza na mwanzilishi, kama vile mtu anavyokutajia ukoo wake kabla hajakuambia shida yake, na jina lililoandikwa pale ni Chumo. Ndiyo huyohuyo Jumong, matamshi na herufi tofauti tu.

Na linasema nini? Kwamba Chumo alitoka Buyeo ya Kaskazini, nchi jirani ya zamani, ni mtoto wa mfalme wa mbinguni, mama yake ni binti wa bwana wa mto, alizaliwa kwa kupasua yai. Akaelekea kusini akafika mto mkubwa wa Buyeo, akasimama ukingoni akasema mimi ni fulani mtoto wa fulani, niunganishieni matete na kobe waelee, na saa ileile matete yakaungana kobe wakaelea akapita. Akajenga mji wake juu ya mlima magharibi ya Holbon. Halafu inakuja sehemu naipenda sana, kwamba alichoka na kiti cha dunia, mbingu ikamtuma joka wa njano kuja kumchukua, akapanda kichwani kwa joka akaenda zake. Umeona? Hafi. Tutarudi kwenye hilo ukiuliza kaburi.

Hesabu hapo. Wanasema alianzisha ufalme mwaka 37 KK, jiwe ni la 414, katikati kuna miaka 450. Na hilo ndilo andiko refu la zamani kuliko yote ambalo Goguryeo wenyewe waliliacha kuhusu mwanzo wao! Kitabu ambacho watu wote wananukuu, Samguk Sagi cha Kim Busik, kilimalizika mwaka 1145, yaani karibu miaka 1,180 baada ya tukio, ufalme wenyewe ulishaanguka tangu 668. Fikiria mtu aandike leo kuhusu babu yako wa mwaka 840 na akutajie alikufa na umri gani. Simaanishi Kim Busik aliongopa, alikuwa mtu makini na alikuwa na vitabu vya zamani mezani ambavyo sisi hatunavyo tena, ila ndo hivyo.

Kwenye hicho kitabu ndiko lile yai lako lilipo kwa kirefu. Mfalme Geumwa wa Buyeo ya Mashariki alimkuta msichana kando ya maji, anaitwa Yuhwa, binti wa Habaek mungu wa mto, kafukuzwa na wazazi kwa sababu alilala na mwanaume aliyejiita Haemosu mtoto wa mbingu bila posa wala mshenga. Geumwa akamchukua akamfungia chumbani. Mwanga wa jua ukaingia ukamfuata, akihama nao unahama, akapata mimba akazaa yai kubwa. Mfalme akalitupa kwa mbwa na nguruwe wakakataa kulila, akalitupa njiani ng'ombe na farasi wakalikwepa, akalitupa porini ndege wakaja kulifunika kwa mbawa, akajaribu kulipasua likagoma, mwisho akachoka akamrudishia mama. Mama akalifunika na kuliweka pa joto, akatoka mtoto wa kiume. Akiwa na miaka saba anajitengenezea upinde mwenyewe na hakosi, na kwa lugha ya Buyeo mtu mwenye shabaha ya namna hiyo aliitwa "jumong". Kwa hiyo hata jina lenyewe huenda ni a.k.a. tu, kama mtaani tunavyomwita mtu Fundi mpaka jina la kwao linasahaulika.

Halafu ishu ya farasi, hii ndiyo inaonyesha huyu wanayemsimulia siyo mtu wa misuli tu bali ni mjanja. Geumwa alikuwa na watoto saba, mkubwa Daeso (huyo unamjua, yule mnoko), hawampendi Jumong, akapewa kazi ya kulisha farasi. Akawa anawapima, farasi wazuri anawapunguzia chakula wakonde, wale wa hovyo anawanenepesha. Mfalme akija kuchagua anachukua wanene, waliokonda anaachiwa yeye. Kuna masimulizi mengine ya zamani yanaongeza kwamba mama ndiye aliyemchagulia farasi, aliingia kundini akachapa mjeledi, farasi wote wakatimka, mmoja akaruka uzio mrefu, basi Jumong akamchomeka sindano chini ya ulimi, akawa hawezi kula anakondeana mpaka mfalme akamtoa kama zawadi ya bure. Mimi nikisoma hapo huwa nakumbuka Liyongo wetu na sindano ya shaba ya kitovuni. Hazihusiani kabisa, nasema tu wahenga wa kila sehemu waliipenda sindano.

Hayo masimulizi mengine tunayo kwa sababu ya mshairi mmoja, Yi Gyubo, aliyeandika shairi refu kuhusu huyu mfalme mwaka 1193. Anakiri mwanzoni aliona ni mambo ya mizimu, akasoma tena na tena hadi akabadilika akaona ni mambo matakatifu, na anasema wazi kwamba Kim Busik aliyapunguza maana hakutaka vizazi vya mbele vione maajabu ajabu. Namshukuru sana huyu mzee, bila yeye tusingekuwa na njiwa. Njiwa ni hivi: Jumong anakimbia, mama kamfungia mbegu, kwa huzuni ya kuagana Jumong akasahau shayiri. Amevuka mto, kakaa chini ya mti, wanakuja njiwa wawili, akajua mama kamtumia mbegu. Akawapiga wote wawili kwa mshale mmoja, akafungua koo akatoa shayiri, akawapulizia maji wakafufuka wakarudi. Ufalme unaanza na upanga kwenye tamthilia, ila kwenye masimulizi yenyewe mama anahakikisha mwanaye ana cha kupanda.

Haya, sasa hapa ndipo shemeji anapopata pointi zake, soma polepole.

Kulikuwa na msomi wa China anaitwa Wang Chong, alizaliwa mwaka 27, karne ya kwanza hiyohiyo. Kwenye maandishi yake kuna stori hii: mjakazi wa mfalme wa nchi moja ya kaskazini kapata mimba, mfalme anataka kumuua, mjakazi anajitetea kwamba kuna hewa kama yai la kuku ilimshukia kutoka juu. Mtoto akazaliwa, wakamtupa bandani kwa nguruwe, nguruwe wakampulizia pumzi asife, wakamhamishia kwa farasi wakanyage, farasi nao wakampulizia. Akakua akapewa kazi ya kuchunga ng'ombe na farasi. Ana shabaha balaa, mfalme anaogopa atamnyang'anya nchi, kijana anakimbia kusini, anafika mto, anapiga maji kwa upinde, samaki na kobe wanaelea wanakuwa daraja, akishapita wanatawanyika, waliokuwa wanamfukuza wanabaki ng'ambo. Umesema huyo ni Jumong si ndiyo? Siyo. Jina lake Dongmyeong, na nchi aliyoianzisha siyo Goguryeo, ni Buyeo. Ile Buyeo ambayo Jumong anaikimbia!

Yaani ni stori ileile, imeandikwa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya lile jiwe la Ji'an, inamhusu mwanzilishi wa nchi jirani iliyo ya zamani zaidi. Na ukitaka kuona jinsi ilivyochanganywa, Samguk Sagi inasema Jumong alipofariki alipewa jina la heshima "Dongmyeong, mfalme mtakatifu", ila kwenye jiwe la 414 jina la Dongmyeong halipo kabisa, yupo Chumo tu. Mimi navyoona, watawala wa Goguryeo walichukua stori ya asili ya Buyeo wakamvalisha babu yao, na baadaye hata jina la yule wa kwanza likamhamia.

Kwa nini wafanye hivyo? Kwa sababu Buyeo lilikuwa jina kubwa, kutoka Buyeo ilikuwa ni kama hati ya kiwanja. Angalia Baekje, ufalme mwingine kule kusini, ukoo wao wa kifalme ulijiita Buyeo kama jina la ukoo, na mwaka 538 walibadilisha hata jina la nchi wakajiita Buyeo ya Kusini. Kila mtu anataka kuwa mjukuu wa nyumba ileile. Na Buyeo yenyewe mwisho ilimezwa na Goguryeo mwaka 494, hakubaki wa kulalamika kwamba mmetuibia babu.

Kuna lingine pia. Wachina wa utawala wa Han walipoiangusha Joseon ya kale, ufalme wa Korea uliotangulia, mwaka 108 KK waliweka majimbo yao, mojawapo linaitwa Xuantu, na ndani ya hilo jimbo kulikuwa na wilaya yenye jina la Goguryeo, kwa matamshi ya Kichina Gaogouli. Sasa jimbo limeanzishwa 107 KK, Jumong kwa hesabu za Samguk Sagi kazaliwa 58 KK. Jina la Goguryeo na watu wake wanaelekea walikuwa pale kabla babu hajaanguliwa. Kwa hiyo hakuanzisha kitu kwenye pori tupu, aliingia sehemu yenye koo na wakubwa wake akawaunganisha, au akawashinda.

Na cha ajabu hata Samguk Sagi inakubaliana na hilo bila kujua. Kuna kisehemu kidogo sana, watu wengi wanakipita, mimi ndicho kinachonifanya niamini kuna mtu wa kweli nyuma ya haya yote. Jumong kashafika Jolbon (ndiyo ile Holbon ya kwenye jiwe), kajenga kibanda tu kando ya mto Biryu maana hana hata muda wa kujenga ikulu, siku moja anaona majani ya mboga yanaelea yanakuja na maji. Akajua kuna watu wanaishi juu ya mto. Akapanda kuwafuata akijifanya anawinda, akamkuta Songyang mfalme wa Biryu, wakabishana nani mkubwa, Songyang anamwambia sisi tuko hapa vizazi na vizazi, sehemu ni ndogo haitoshi wafalme wawili, wewe umekuja juzi, kuwa chini yangu. Wakashindana kwa upinde, Songyang akashindwa, mwaka uliofuata, 36 KK, akasalimisha nchi yake. Hapo hakuna joka wala kobe, kuna majani ya mboga yaliyooshwa na mama fulani mtoni na mgeni mwenye macho makali. Na nchi ya Songyang ikapewa jina Damul, neno ambalo kwa lugha yao ni kurudisha ardhi ya zamani. Lile jeshi la Damul ulilolishangilia kwenye tamthilia jina lake limetoka hapo, waandishi wakalihamisha wakalipa kazi ya kupigana na Han.

Jolbon yenyewe wataalamu wengi wanaiweka Huanren, mkoa wa Liaoning China, na pale kuna mlima Wunü, kama mita 800 kutoka usawa wa bahari, juu umekatika umekuwa bapa kama meza na kuta za mwamba pembeni, kuna mabaki ya ngome. Linalingana vizuri na lile jiwe linaposema alijenga mji juu ya mlima. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2004, pamoja na Ji'an.

Na kuna fumbo moja ambalo wanahistoria wanalibishania sana. Mwaka 12 BK, Wang Mang aliyekuwa kanyakua kiti cha China aliwaamuru watu wa Goguryeo waende kumpigania vita, wakagoma, jenerali wake akamvuta kwa hila mtawala wa Goguryeo na kumkata kichwa. Wang Mang alifurahi mpaka akabadilisha jina la nchi, maana "gao" kwa herufi yao ni juu, akaamuru waitwe Xiagouli, yaani wawe wa chini. Utoto ulioje! Sasa rekodi ya Kichina inasema huyo aliyekatwa kichwa herufi ya jina lake inasomeka Zou, na kwa Kikorea ni Chu. Chu, Chumo... unaona wanapoelekea. Samguk Sagi inakataa, inasema mwaka huo mfalme alikuwa Yuri mtoto wa Jumong, na aliyeuawa ni jenerali wake Yeonbi. Mimi siegemei sana upande wa kwamba ndiye, herufi moja haitoshi kumzika mtu, ila nakwambia ujue mjadala upo, na kama ni yeye basi miaka yote, 37 KK ya kuanzisha ufalme na 19 KK ya kufa kwake, inabidi isogezwe.

Twende kwa Soseono maana najua huyu ndiye unamsubiri. Kwenye kumbukumbu za Jumong mwenyewe ndani ya Samguk Sagi hayupo kwa jina. Anajitokeza kwenye kumbukumbu za Baekje, tena siyo kwenye simulizi kuu bali ile ya "wengine wanasema". Ile kuu inasema mfalme wa Jolbon hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa na mabinti watatu, akamuozesha Jumong wa pili, wakazaliwa Biryu na Onjo. Ile ya "wengine wanasema" ndiyo inasema Soseono, binti wa Yeontabal, alikuwa mjane wa mtu anaitwa Utae, hao watoto wawili ni wa marehemu, Jumong akamuoa, na mali zake zilimsaidia sana kujenga ufalme. Halafu mwaka 19 KK anatokea Yuri kutoka Buyeo, mtoto wa mke wa kwanza, mkononi kipande cha upanga uliovunjika. Baba aliacha fumbo kwamba nimeficha kitu chini ya mti wa msonobari juu ya jiwe lenye kona saba, mtoto kazunguka milimani weee hakuna, kumbe ni nyumbani kwao, nguzo ya msonobari imekalia jiwe la kona saba. Vipande vikaungana, akawa mrithi. Soseono na wanawe wakaona hapa hatuna letu, wakashuka kusini, Onjo akaanzisha Baekje mwaka 18 KK.

Kitu ambacho tamthilia haikukwambia: kumbukumbu za Baekje zinasema mama yake Onjo alifariki mwaka 6 KK akiwa na miaka 61. Piga hesabu mwenyewe, anamzidi Jumong kama miaka minane. Kwa hiyo siyo mapenzi ya vijana wawili sokoni, ni mama mjane mwenye mali na watoto kaolewa na mkimbizi wa miaka 22 mwenye upinde. Mimi naona hiyo ni stori nzuri kuliko ile ya kwenye sehemu 81.

Yuhwa mama mtu naye hakuwahi kumfuata mwanaye. Alifia kulekule Buyeo mwaka 24 KK, na Geumwa akamzika kwa heshima za mama wa mfalme, Jumong akatuma mjumbe na zawadi kushukuru. Yaani kwenye maandishi Buyeo na Goguryeo hawakuwa maadui kiivyo muda wote.

Kaburi sasa. Ukienda karibu na Pyongyang utaonyeshwa kaburi kubwa la mfalme Tongmyong, ndivyo Korea Kaskazini wanavyoliandika jina, walilijenga upya likang'aa mwaka 1993, na nalo liko kwenye makaburi ya Goguryeo yaliyoingia UNESCO 2004. Tatizo ni kwamba Goguryeo walihamia Pyongyang mwaka 427. Jumong aliishi na kufa mbali huko kaskazini. Kwa hiyo ama walihamisha mabaki, ama ni kaburi la mfalme mwingine lililopewa jina lake, na mimi niko huku kwa pili zaidi. Wala usishangae siasa kuwepo, China wanahesabu Goguryeo ni historia ya mkoa wao, Korea zote mbili zinasema ni babu yetu, na ile tamthilia yako ilitoka 2006 ugomvi huo ukiwa wa moto.

Na masimulizi yenyewe yanasemaje kuhusu mazishi? Samguk Sagi kwa kifupi tu, alifariki mwezi wa tisa mwaka 19 KK, miaka 40, akazikwa mlima wa Joka. Ila yale ya zamani aliyotuhifadhia Yi Gyubo yanasema mfalme alipanda mbinguni hakushuka tena, mtoto wake akachukua mjeledi aliouacha, wa jiwe la thamani la kijani, akauzika ule mjeledi kwenye huo mlima wa Joka. Kwa hiyo mwambie hivyo shemeji akiuliza mifupa iko wapi.